Maswali ya Wasomaji: Kuwapiga Picha Wanakosplei kwa Mpigapicha Anayeanza

Barua tulizopokea safari hii zimegongana mada. Wengi wenu mnakwenda kwenye matamasha ya anime (filamu za katuni za Kijapani) na katuni mkiwa na kamera, au mkiwa mmevaa mavazi ya wahusika, jambo linaloitwa kosplei na mvaaji wake mwanakosplei, na mna maswali kuhusu kinachotokea pale pande hizi mbili zinapokutana. Tumechagua barua tano, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna maswali ya wengi.

*Mhariri, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi. Nimenunua kamera ya mitumba yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55, na ninataka kuitumia kwenye tamasha lijalo. Mara iliyopita nilipiga kwa simu, nyuso zikatoka giza, wigi zikang'aa mno, na watu warefu wakaonekana wana miguu mifupi. Isitoshe, ninaona haya kuwaendea watu nisiowajua. Nianzie wapi?*
*Msomaji, Nairobi*

Ndugu yetu, tuanze na hiyo haya, kwa maana inaharibu picha nyingi kuliko kamera mbovu. Mpigapicha mwenye haya husimama mbali, huvuta zumu kutoka nyuma ya nguzo, na hurudi nyumbani na picha za watu waliolegeza mabega, wanaotazama kwingine, kofia ya chuma ikiwa kwapani. Hao hawakuwa wahusika wakati ule, walikuwa watu waliochoka wanaotafuta maji ya kunywa. Mwanakosplei amekaa majuma mengi akikata sponji, akiipinda kwa hewa moto, akiibandika kwa gundi ya fundi viatu na kuipuliza rangi mpaka ifanane na chuma. Kazi hiyo yote huonekana pale anapojiweka tayari, na hawezi kujiweka tayari asipojua kwamba unampiga picha.

Kwa hiyo mwendee kwa mbele akuone, msalimie, na useme jambo moja mahususi kuhusu alichokitengeneza kabla ya kuomba. "Habari dada, hilo joho umelidarizi mwenyewe? Naomba nikupige picha mbili tatu, kama una nafasi." Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika, na yanamwonyesha kwamba umeitazama kazi yake. Akikubali, sogeeni pembeni msizibe njia, kwa sababu ukumbi wa tamasha hujaa haraka na watu wawili waliosimama katikati husababisha msongamano mkubwa. Akikataa, mshukuru na uendelee na safari yako bila kuuliza sababu. Asiyefaa kuombwa kabisa ni yule anayekula, anayerekebisha wigi, anayetoka msalani, au anayekimbilia jukwaani akiwa amebeba upanga mrefu kuliko yeye.

Sasa miguu mifupi. Kosa hilo halikuwa la simu peke yake, bali la umbali. Ukisogea karibu na mtu ukitumia lenzi inayoona eneo pana, kilicho karibu nawe hukua na kilicho mbali hupungua, na kwa kuwa simu ulikuwa umeishika usawa wa uso wako huku ukiiinamisha, kichwa kikawa kikubwa na miguu ikanywea. Kwa kamera yako, weka lenzi kwenye 55, rudi nyuma takriban mita tano, na ushushe kamera iwe usawa wa kiuno cha unayempiga. Hapo mwili utapata urefu wake wa kweli. Ukumbi ukibana, tumia 35 kutoka mita tatu. Ile 18 iache kwa ajili ya picha za kundi kubwa, na hata hapo usimweke mtu ukingoni kabisa mwa picha, kwa sababu atavutwa upande.

Nyuso zenye giza zinahitaji maelezo marefu kidogo, na ninaomba uyasome taratibu, kwa sababu jambo hili linawahusu wanakosplei wetu kuliko wa Tokyo, nalo halielezwi vya kutosha katika mafunzo mengi ya upigaji picha. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vitakuwa na wastani wa kijivu. Mweke mbele yake msichana mwenye ngozi nyeusi aliyevaa wigi jeupe na joho jeupe, na kamera itauona weupe mwingi, itadhani mwanga umezidi, na itaupunguza. Wigi litatoka safi, na uso utazama kivulini. Tena wigi za anime zina nywele nzito zinazoshuka juu ya paji la uso, na taa za ukumbini ziko darini, kwa hiyo macho hufunikwa na kivuli cha nywele hata kabla kamera haijakosea.

Dawa ya kwanza ni kuiambia kamera ipime mwanga kwenye shavu, si kwenye picha nzima. Kamera nyingi zina kipimo cha nukta moja kwa ajili hiyo. Dawa ya pili, iliyo rahisi zaidi kwa anayeanza, ni kuongeza mwanga kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: anza na 0.7 au 1, tazama kioo cha kamera, na uhakikishe uso unasomeka huku nyuzi za wigi bado zikionekana moja moja. Kwa mhusika aliyevaa nguo nyeusi tupu, fanya kinyume chake, kwa sababu kamera itajaribu kuufanya weusi uwe kijivu. Piga katika faili ghafi, yaani RAW, ili uwe na nafasi ya kurekebisha baadaye bila picha kuvunjika.

Dawa ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo inauzwa kwenye duka lolote la vifaa vya shule. Nunua karatasi nyeupe ya manila, ikunje mara moja iwe ngumu, na umwombe rafiki yako aishike mbele ya tumbo la mwanakosplei, nje kidogo ya fremu, ikiwa imeelekea juu. Mwanga unaoshuka kutoka darini utagonga karatasi na kurudi juu, utaingia chini ya nywele za wigi, utajaza kivuli cha macho, na kuacha chembe ndogo nyeupe ndani ya mboni. Chembe hiyo ndiyo inayoufanya uso uonekane hai. Piga picha moja bila karatasi na nyingine nayo, uzitazame kwa kuzilinganisha, na nina hakika hutaiacha nyumbani tena.

Kuhusu mahali pa kusimama, tafuta mlango mkubwa au ukuta wa vioo. Mgeuze mtu auelekee mwanga huo kwa ubavu kidogo, maana ngozi nyeusi hupendeza sana mwanga unapoiteleza kutoka upande mmoja na kuchora mfupa wa shavu. Mkitoka nje, epukeni jua la mchana. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na mwezi wa Machi au Septemba jua la saa sita na nusu hukaa karibu sawa na utosi, likageuza macho kuwa mashimo mawili. Simameni kwenye kivuli cha jengo lakini kwenye ukingo wake, mkitazama kuliko wazi, au subirini mpaka saa kumi jioni.

Ndani ya ukumbi kuna tatizo jingine linalowasumbua wengi bila wao kulijua. Umeme wa Kenya hubadilika mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinazoutumia humetameta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera iliyowekwa kasi ya 1/500, yaani inayofungua pazia lake kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, huona, na matokeo yake ni michirizi ya giza kwenye picha au rangi inayogeuka kati ya picha na picha ingawa hujagusa chochote. Weka kasi ya 1/100 na tatizo hilo litapungua sana. Kasi hiyo inamtosha mtu aliyesimama. Kwa kuwa lenzi yako ikiwa kwenye 55 haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi, na ikiwa ndogo tundu huwa pana), utalazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au 3200, na usiogope. Chembechembe za ISO zinavumilika, ilhali picha iliyotikisika haina tiba.

Flashi iliyojengwa ndani ya kamera iache ilale. Hupiga mwanga bapa usoni, hung'arisha nyuzi za wigi, na huonyesha kila alama ya gundi kwenye silaha. Ukija kununua flashi ya kuchomeka, kumbuka kwamba dari za kumbi za maonyesho huwa ndefu na aghalabu nyeusi, hivyo ule ufundi wa kuupiga mwanga darini ili urudi chini hautakusaidia. Flashi hiyo itakufaa ukiishika pembeni, nje ya kamera, ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga. Lakini kabla ya flashi, ningekushauri uweke akiba ya lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, ambayo hata kwa mitumba hupatikana kwa bei nafuu kuliko lenzi nyingine nyingi. Usiifungue mpaka mwisho kwa kila picha. Mtu anayekunyooshea upanga akiwa karibu nawe, ukimpiga kwa f/1.8, utapata jicho moja linaloonekana bayana na upanga ulioyeyuka. Mpige kwa f/4, na wakiwa wawili, f/5.6.

Limebaki pozi. Mpigapicha asiyemjua mhusika humwambia kila mtu atabasamu, na hapo ndipo shujaa mwenye hasira ya vipindi hamsini anapogeuzwa kuwa mgeni wa arusi. Soma kuhusu wahusika wanaopendwa mwaka huo kabla ya kwenda, na usipomjua aliye mbele yako, muulize waziwazi: "Mhusika huyu husimama vipi? Ana silika gani?" Wengi wamefanya mazoezi mbele ya kioo na watakupa pozi tatu nne bila kufikiri. Kazi yako ni kuangalia yale asiyoweza kuyaona mwenyewe: utepe wa kiingilio mkononi, beji iliyoning'inia kifuani, simu iliyochomekwa kwenye mshipi, pini iliyochungulia begani, ukingo wa wavu wa wigi ulioachana na paji la uso. Mwambie kwa upole, ajirekebishe mwenyewe, kisha ubonyeze. Usiliguse vazi lake wala kumsogeza kwa mkono. Mwonyeshe picha kwenye kioo cha kamera kabla hamjaachana, na ukitumia zaidi ya dakika mbili tatu, uwe umemwomba muda huo mapema.

*Mhariri mpendwa. Mimi ni mwanakosplei kutoka Mombasa, na mavazi yangu ninayashona mwenyewe. Kwenye tamasha moja nililohudhuria, mwanamume mmoja mwenye kamera kubwa aliinama nyuma yangu nikiwa kwenye ngazi, na nilipomuuliza akasema nimevaa ili nitazamwe. Mwingine nilimruhusu, lakini picha alizozitoa zilinifanya mweupe hata mama yangu hakunitambua. Je, nina haki gani, au nivumilie tu?*
*Mwanakosplei, Mombasa*

Dada yetu, usivumilie. Aliyeinama nyuma yako alifanya jambo la aibu, na jibu alilokupa halina msingi wowote. Kuvaa vazi la mhusika ni kukubali kutazamwa kama watu wote wanavyotazamana mahali pa hadhara, na si kumpa mtu ruhusa ya kupeleka kamera kwenye mwili wako. Malalamiko haya yamepigiwa kelele na wanakosplei wa nchi nyingi kwa miaka. Mwaka 2014, New York Comic Con, tamasha kubwa la katuni huko Marekani, iliweka mabango makubwa ukumbini kuwakumbusha wageni kwamba kosplei si ridhaa na kwamba picha huombwa kwanza, na matamasha mengine makubwa yakafuata kwa kuandika kanuni zao za kuzuia unyanyasaji. Waandaaji wa hapa kwetu ambao bado hawajabandika kanuni kama hizo mlangoni wanapaswa kufanya hivyo, na ninyi mnaovaa mna haki ya kuwauliza kwa barua kabla ya kununua tiketi kama wamemteua mtu wa kupokea malalamiko na atakaa meza gani.

Siku yenyewe, usitembee peke yako ikiwa unaweza. Wanakosplei wazoefu huja na mwenzao asiyevaa, anayebeba mkoba, maji na gundi ya dharura, na ambaye pia hukaa nyuma yao kwenye ngazi. Akitokea mtu wa namna hiyo tena, paza sauti umtake aonyeshe picha alizopiga, mwite msimamizi papo hapo, na ukumbuke sura yake na namba ya beji yake. Usiingie katika ugomvi wa kuvutana kamera, kwa maana silaha ya sponji huvunjika na ushahidi hupotea.

Kisheria, Katiba ya Kenya inalinda faragha ya mtu katika ibara ya 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa yoyote inayomtambulisha mtu kuwa ni taarifa yake binafsi, picha ya uso ikiwamo. Sheria hiyo haiingilii picha ambazo mtu anazihifadhi kwa matumizi yake ya nyumbani. Lakini duka, mgahawa au kampuni ikichukua picha yako na kuitumia kutangaza biashara yake bila idhini yako, unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na ofisi hiyo imekwisha kuonyesha kwamba haina mchezo. Mwaka 2023 iliutoza mgahawa mmoja faini ya zaidi ya shilingi milioni 1.8 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia.

Ama kuhusu kung'arishwa, ninazungumza na wapigapicha moja kwa moja. Kumbadilisha mtu rangi ya ngozi ni kuiharibu kazi yake, na ni kumvunjia heshima pia. Mwanakosplei mweusi aliyemvaa mhusika aliyechorwa mweupe amekwisha kuamua kwamba mhusika huyo anaweza kuwa na uso wake, na anaposikia mtandaoni kila siku kwamba hafai kwa sababu ya rangi yake, mpigapicha anayemchubua kwa programu anajiunga na wanaomtukana, hata kama nia yake ni njema. Programu nyingi za simu zina kitufe cha urembo kinacholainisha na kung'arisha ngozi, na nyingine huja kikiwa kimewashwa tayari. Kizime. Jipu la siku moja unaweza kuliondoa. Kovu, umbo la pua, upana wa kiuno na rangi ya ngozi usiviguse bila kuombwa, na waya wa taa uliopita nyuma ya kichwa ufute bila wasiwasi. Nawe dada, tangu sasa toa sharti lako kabla ya picha ya kwanza: "Ngozi yangu usiibadilishe, na unitumie nizione kabla hujaziweka mtandaoni." Mpigapicha wa kweli hatakasirika kwa hilo.

*Ndugu Mhariri. Nimetoka Morogoro na sasa ninasoma Tokyo. Mwezi wa Agosti ninataka kwenda Comic Market na kamera yangu. Nimesikia kuna taratibu kali za upigaji picha. Ni zipi?*
*Mwanafunzi, Tokyo*

Kaka, umebahatika, kwa sababu unakwenda mahali ambapo adabu ya jambo hili imepikwa kwa muda mrefu. Comic Market ilianza tarehe 21 Desemba 1975 kama soko la vijarida vinavyotungwa na mashabiki wenyewe, na vijarida hivyo bado ndivyo kiini chake, hata kama wageni wanaifahamu zaidi kwa kosplei. Siku hizi hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya joto na mwisho wa Desemba, katika jumba la Tokyo Big Sight, na wageni wake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Jambo la kwanza ni mahali. Wanakosplei hawaruhusiwi kuja wakiwa wamekwisha kuvaa wala kuondoka wakiwa hivyo. Hubadilisha nguo katika vyumba walivyotengewa, na picha hupigwa katika maeneo maalumu, mengi yakiwa nje ya kumbi. Ukimwona mtu njiani kutoka chumba cha kubadilishia, mwache apite. Katika safu za meza za vijarida usipige kabisa, kwa sababu njia ni nyembamba na wauzaji wengi hawapendi sura zao zionekane. Kanuni zenyewe hutolewa upya kwa kila tamasha, basi zisome zile za mwezi huo.

Jambo la pili ni foleni. Mwanakosplei akiwa na watu wengi wanaomsubiri, wapigapicha hujipanga mstari, kila mmoja akapata zamu yake fupi, akainama kidogo kusalimia, akapiga, akashukuru na kuondoka. Mstari ukizidi urefu, huvunjwa na watu hutengeneza duara kumzunguka, naye hugeuka polepole ili kila upande upate macho yake, kisha huhesabiwa kwa sauti mpaka sifuri. Hesabu ikiisha, kila mtu hushusha kamera. Usiibe picha moja ya ziada. Sentensi ya kukariri ni "Shashin o totte mo ii desu ka", yaani kuomba ruhusa ya kupiga picha, na ukitaka kuiweka mtandaoni uombe ruhusa ya pili, kwa sababu wengi wanaokubali la kwanza hukataa la pili. Usipige kutoka chini kwenda juu. Tangu Julai 2023, Japani ina sheria ya nchi nzima inayomwadhibu anayepiga kwa siri picha za sehemu za faragha za mwili au za nguo za ndani, na polisi hawatajali kwamba ulikuwa mgeni.

Jua la Agosti pale ni kali na hewa ina unyevu kama wa Dar es Salaam mwezi Februari, na sakafu ya saruji hurudisha joto. Hilo humfaa mpigapicha kwa upande mmoja, maana saruji nyepesi huinua mwanga usoni, lakini mtu aliyevaa manyoya hawezi kusimama muda mrefu, kwa hiyo andaa kamera yako kabla zamu yako haijafika. Na kama baadaye utasafiri kwenda Nagoya kutazama World Cosplay Summit, iliyoanza mwaka 2003, kumbuka kwamba umeme wa Japani umegawanyika: Tokyo na upande wa mashariki hutumia mizunguko 50 kama kwetu, lakini Nagoya, Osaka na upande wa magharibi hutumia 60, mgawanyiko uliobaki tangu miji hiyo ilipoagiza mitambo tofauti kutoka Ujerumani na Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Ndani ya ukumbi wa Nagoya, 1/100 yako itakuletea michirizi. Tumia 1/60 au 1/125.

*Mhariri. Binti yangu ana miaka 13 na anataka kuvaa kosplei kwenye tamasha hapa Dar. Sipingi, lakini ninaogopa hao wenye kamera. Nifanye nini?*
*Mzazi, Dar es Salaam*

Mama, nenda naye, na umwambie mapema kwamba picha yoyote inaombwa kwako, yeye awe amekubali kwanza. Mpigapicha anayemwomba mtoto wakati mzazi amesimama hatua mbili pembeni hajui kazi yake, na unaweza kumkatalia kwa sababu hiyo tu. Ruhusu picha mbele ya watu, usiruhusu mtu amwite kando au amwombe namba ya simu, na mpigapicha atume picha kwenye simu yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtoto ni taarifa yake. Jirani zetu Kenya waliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 za Kenya mwaka 2023 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, kwa hiyo wenye mabanda ya biashara wanaopiga watoto picha kwa ajili ya matangazo nao wajihadhari. Kwa wapigapicha: mtoto mpige ukiwa umepiga magoti, macho yako usawa wa macho yake, na usimwekee pozi la mtu mzima.

*Mhariri, salaam. Nimepiga picha nyingi kwenye tamasha na watu wananiomba niwatumie. Je, niwatumie zote? Niwatoze? Na jina langu niliandike juu ya picha?*
*Msomaji, Kampala*

Usiwatumie zote. Chagua tatu au nne zilizo bora kwa kila mtu, uzirekebishe mwanga na rangi, na uzitume ndani ya wiki moja, wakati tamasha bado linazungumzwa na picha bado ina faida kwake. Picha ya ghafla uliyoiomba wewe mwenyewe ukumbini haifai kutozwa fedha, kwa sababu yeye amekupa kazi yake ya miezi na wewe umempa dakika zako. Akikualika siku nyingine mahali pengine kwa saa mbili, hapo mpatane bei kabla hamjaonana. Jina lako liandike dogo pembeni, kamwe lisipite juu ya vazi, na unapoiweka mtandaoni taja jina analolitumia mwanakosplei, jina la mhusika, na fundi aliyeshona ikiwa ni mwingine. Kuuza chapa za picha hizo ni jambo jingine, kwa kuwa mhusika ana mwenyewe na mwanakosplei ana sura yake, basi usiliingie bila idhini ya maandishi. Na usiku uleule wa tamasha, kabla hujalala, yaandike majina hayo kwenye mafaili, maana baada ya wiki moja wigi za buluu zote hufanana.